Msituletee Kitanda

Mwaka ule Wahunzi walifungwa mechi sitini na tatu, na sisi mashabiki wao tukashangilia. Usitucheke. Katika mpira wa kikapu wa huku kwetu, timu zinazoburura mkia ndizo zinazotangulizwa siku ya uteuzi, siku ya kuchagua vijana wapya wanaotoka vyuoni. Kwa hiyo tangu Februari tulikuwa tukiomba tufungwe. Tukifungwa kwa pointi thelathini, tunanunua mabawa ya kuku. Tukishinda kwa bahati mbaya, watu wanalala wamenuna. Ndivyo timu mbovu inavyomfanya mtu mzima na akili zake.

Mwishowe bahati nasibu ya kupanga zamu ikatupa nafasi ya pili, na katika mzunguko wa pili ya thelathini na tatu. Basi mwezi mzima, upande huu wa mashariki ya Buffalo, hakukuwa na habari nyingine. Kwa kinyozi, kanisani, kwenye foleni ya samaki wa Ijumaa: wa pili tumchukue nani, wa thelathini na tatu tumchukue nani? Kuna mabinamu wawili wa Mtaa wa Genesee ambao mpaka leo hawasalimiani kwa ajili ya jambo hilo.

Na katika makelele yote hayo hakuna sauti iliyojulikana kama ya Roosevelt Tillery. Alikuwa na miaka hamsini na nane, mwili mkubwa, goti bovu. Alifanya zamu ya asubuhi katika kile kiwanda cha nafaka kando ya mto, kinachoutia mji mzima harufu ya unga uliookwa. Saa nane mchana anatoka, saa tisa yuko nyumbani, na saa kumi kamili anasimama jikoni ameshika simu ya ukutani, anasubiri laini ya redio. Ile simu ya waya hakuiondoa kwa sababu moja tu: haikatiki katikati ya hoja. Miaka ishirini na sita alikuwa anapiga. Watangazaji walikuja wakaondoka, yeye yupo. Tillery wa Bailey. Ukisema jina hilo hata upande wa wazungu, wanamjua.

Neno "kitanda" ni lake. Miaka tisa nyuma Wahunzi walichagua jitu moja lenye mguu mbovu, na likacheza mechi kumi na moja tu kabla ya kulazwa moja kwa moja. Tillery akapiga simu siku ile akiwa na hasira za kweli. "Tuliomba mchezaji," alisema, "mmetuletea kitanda!" Mji ukacheka wiki nzima. Tangu hapo kijana yeyote mwenye historia ya maumivu anaitwa kitanda. Watu walichapisha fulana: MSITULETEE KITANDA. Na fundi mitambo wa redio akatafuta mlio wa springi za kitanda kikuukuu, kwi-kwii, kwi-kwii, akawa anaubonyeza kila neno hilo linapotajwa.

Sasa tatizo lilikuwa hivi. Mwaka ule, miongoni mwa majina yaliyotajwatajwa kwa nafasi ya thelathini na tatu, kulikuwa na Jarvis Tillery.

*

"Tillery wa Bailey, uko hewani," mtangazaji Eddie Wozniak alisema Jumatatu ile. "Nafasi ya pili. Nani?"

"Eddie, na hilo nalo ni swali? Coldwell! Yule kijana anafunga kutoka mahali ambapo wengine wanaegesha magari."

"Lou wa Lackawanna ametoka kusema tumchukue Mlatvia."

"Lou!" Tillery aliangua kicheko. "Lou ni yule yule aliyetushauri tumwajiri kocha aliyesinzia kwenye benchi. Sikiliza, Eddie. Mtu wa futi saba na inchi mbili, mgongo umemuuma Novemba, umemuuma tena Machi. Mgongo wa marehemu bibi yangu ulikuwa na nafuu. Dawa yake unaijua."

"Hebu iseme, Mzee."

"Msituletee kitanda!"

Kwi-kwii, kwi-kwii, springi zikalia redioni. Vernetta, mke wake, alikuwa kwenye sinki anaosha sukuma wiki. Alitabasamu bila kupenda. Ameishi na upuuzi huu miaka ishirini na sita, na kuna siku unamchekesha.

"Na thelathini na tatu?" Eddie akauliza kwa sauti ya uchokozi. "Kuna jina la ukoo hapa, nadhani unalifahamu."

Vernetta aligeuka. Mkononi alikuwa na kisu cha mboga, na ingawa hakukishika kwa vitisho, Tillery alikiona.

"Hapo sina neno, Eddie," Tillery alisema, akakata.

"Asante," alisema Vernetta.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo nasema asante. Mtoto si mada, Roosevelt. Wacha aende Alhamisi akajaribiwe, wamwone, waamue wenyewe. Mdomo wako uupumzishe siku nne. Huwezi siku nne?"

"Naweza."

"Haya."

*

Jarvis alikuwa na miaka ishirini na miwili. Chuo chake kilikuwa kidogo, kule Erie, chuo ambacho kamera za televisheni haziendi, na hakualikwa kwenye ile kambi kubwa ambapo vijana hupimwa kila kitu mpaka meno. Alichokuwa nacho ni mikono mirefu, nidhamu, na mwaliko mmoja: Alhamisi saa nne, kwenye ukumbi wa mazoezi wa Wahunzi, timu aliyoiombea tangu hajaota jino la pili. Nafasi moja. Nyingine hakuwa nayo.

Jumanne jioni alirudi kutoka kukimbia, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, akalala chali sakafuni. Alipenda ile sakafu kwa ubaridi wake. Mkono aliuweka kifuani.

"Una nini?" Vernetta aliuliza. Alikuwa anavaa koti kwenda mazoezi ya kwaya.

"Nimechoka tu, Mama."

"Jana ulichoka hivyo hivyo."

"Jana nilikimbia hivyo hivyo."

Vernetta alimtazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha akaenda. Baba na mwana wakabaki. Mezani kulikuwa na fomu ya daktari wa timu, kurasa nne, inatakiwa Alhamisi. Tillery akavaa miwani, akawa anasoma kwa sauti na Jarvis anajibu kutoka sakafuni. Surua? Hapana. Pumu? Hapana. Umevunjika wapi? Kidole, darasa la sita. Walikuwa wanacheka.

"'Umewahi kuzimia,'" Tillery akasoma, "'au kupata kizunguzungu wakati wa mazoezi au baada yake?'"

Kicheko kikaisha. Februari, wakati wa mapumziko ya mechi moja kule Erie, Jarvis alianguka bafuni. Alipozinduka uso wake ulikuwa juu ya vigae na maji yanamwagika. Hakumwambia kocha. Alimpigia baba yake usiku ule akamwambia yeye peke yake, na akamwapisha asimwambie mama.

"Ulikuwa hujanywa maji," Tillery alisema.

"Sikuwa nimekunywa maji."

"Basi huko si kuzimia. Ni kiu." Akatia alama kwenye hapana. Akageuza ukurasa. "'Katika familia, kuna aliyekufa ghafla kabla ya kutimiza miaka hamsini?'"

Jokofu lilinguruma, likanyamaza. Jarvis alijiinua kwa kiwiko.

"Baba mdogo Alonzo?"

Alonzo alikuwa mdogo wake Tillery. Alikufa na miaka thelathini na moja, miaka miwili kabla ya Jarvis kuzaliwa, akizoa theluji mbele ya nyumba hii hii. Huku kwetu kila majira ya baridi kuna mwanamume anaanguka na sepetu mkononi. Tunasema theluji imemuua, tunapeleka chakula kwa mjane, na hakuna anayeuliza zaidi.

"Alonzo aliuawa na theluji," Tillery alisema. "Hiyo si ghafla. Hiyo ni Januari."

Jarvis akacheka, akajilaza tena. Tillery akatia alama kwenye hapana, na kalamu ikakwama kidogo ikatoboa karatasi. Alilitazama lile tundu. Kisha akasaini kama shahidi, akaikunja fomu harakaharaka.

*

Alhamisi ilikwenda vizuri kupita walivyotarajia. Jarvis alifunga, alikaba, na kocha msaidizi alimshika bega akamwuliza kama anaweza kuvumilia kucheza nyumbani. Jioni ile Vernetta alioka keki. Ijumaa habari zilikuwa zimeenea mtaa mzima, na Tillery alipoingia kwa Cleophus kinyozi, wanaume watano walisimama kama kaingia askofu.

"Mpisheni baba wa thelathini na tatu!" Cleophus alisema. "Kaa, kaa. Leo nakunyoa bure, lakini jezi ya kwanza ni yangu."

"Acheni, bado," Tillery alisema, huku mashavu yanakataa kuficha tabasamu.

Cleophus akamfunga kitambaa shingoni, akaanza upande wa kushoto. Redio ilikuwa juu ya kabati la taulo, na kipindi kilikuwa kimeanza. Eddie alikuwa anaongea na Lou wa Lackawanna.

"Sina ubaya na yule mzee," Lou alikuwa anasema. "Lakini lazima tuseme ukweli. Nina mpwa kule Erie, mechi zote anaziona. Anasema huyu Jarvis robo ya nne humwoni. Februari walikuwa wanahitaji mtu, yeye kakaa kwenye benchi na taulo kichwani dakika kumi. Mvivu, Eddie. Moyo hana."

Duka zima likasema loo! Mtu mmoja akacheka kwa woga.

"Mpuuze," Cleophus alisema, wembe hewani. "Lou hajawahi kupatia tangu azaliwe."

Lakini Tillery alikuwa ameshatoa simu ya mfukoni, anabonyeza namba aliyoijua kuliko siku yake ya kuzaliwa. Siku nne alikuwa amejizuia. Alihesabu moyoni: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Ahadi imetimia. Wakamwingiza hewani mara moja, ni nani angemchelewesha Tillery wa Bailey siku kama hiyo?

"Mvivu?" alinguruma, na sauti yake ikatoka mara mbili, mdomoni na redioni. "Lou, unasema mvivu? Unajua kwa nini alikaa dakika kumi? Mwanangu alizimia! Alianguka bafuni wakati wa mapumziko, akagonga uso kwenye vigae, akanyanyuka, akarudi akacheza! Wewe ukipata mafua unakwenda kazini? Mtoto alizimia, na akarudi uwanjani! Sasa niambie nani hana moyo!"



Kisha fundi mitambo, aliyekuwa anakula sandwichi na kusikiliza kwa sikio moja, alisikia kijana kaanguka, na mkono wake ukafanya kile ulichozoea kufanya kwa miaka tisa. Kwi-kwii, kwi-kwii.

"Ondoa hiyo!" Eddie alifoka, hewani. "Ondoa!" Na baada ya hapo, taratibu: "Mzee Tillery... alizimia? Wahunzi wanajua?"

Tillery alitazama kwenye kioo. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa, mwingine bado, na nyuma yake wanaume watano walikuwa wanaangalia viatu vyao. Akakata simu. Akavua kitambaa mwenyewe. Cleophus alimwambia, "Kaka, ngoja nimalizie," lakini alikuwa ameshafika mlangoni. Alitembea barabara ya Bailey yote na nusu ya nywele zake, na hakuna hata mtoto aliyemcheka. Hilo ndilo lililomtisha.

*

Vernetta aliyasikia akiwa jikoni shuleni, kazini kwake, amechelewa kutoka, anasugua masufuria ya chakula cha mchana. Alifika nyumbani na aproni yake. Jarvis alikuwa mezani, simu mbele yake inatetemeka na kuzunguka yenyewe kwa ujumbe. Tillery alikuwa amesimama karibu na simu yake ya ukutani kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Alizimia lini?" Vernetta aliuliza. Jarvis aliigeuza simu kifudifudi. "Nimeuliza kwa Kiingereza au kwa lugha gani? Alizimia lini?"

"Februari, Mama. Ni maji tu."

"Na wewe ulijua," alimwambia mumewe.

"Aliniomba..."

"Tillery." Humwita jina la ukoo akikasirika. "Ile fomu mliandika nini?"

Tillery akamwambia. Alimwambia yote mawili, kuzimia na Alonzo, maana Vernetta alikuwa na namna ya kusimama ambayo huwezi kuidanganya. Alipofika kwenye theluji, Vernetta alivuta kiti akakaa.

"Inchi tatu," alisema.

"Nini?"

"Theluji iliyomuua Alonzo. Ilikuwa inchi tatu. Mimi nilikuwa dirishani, niliiona, mtoto angeifagia kwa ufagio wa jikoni. Miaka ishirini na minne nakusikia unasema theluji, theluji, nikanyamaza kwa sababu alikuwa mdogo wako na ulikuwa na uchungu. Alikuwa na miaka thelathini na moja, Roosevelt. Alikuwa anacheza mpira kila Jumamosi."

Jarvis alimtazama mama yake, akamtazama baba yake. Simu ikalia, akaipokea. Alikuwa wakala wake, Brisco, kijana wa suti mwenye wachezaji watatu tu. Jarvis alifungua spika ili wote wasikie.

"Daktari wa Wahunzi kapiga," Brisco alisema. "Anataka kipimo cha moyo. Sasa nisikilizeni vizuri. Akipimwa na kitu kikionekana, imekwisha, si hapa tu, kila mahali. Lakini kuna timu nyingine mbili zilizokuwa zinamtazama, na kuna ligi ya Cyprus, na hao fomu inawatosha. Kinachotakiwa ni kelele zife. Baba apige tena Jumatatu. Aseme alikuwa anamkomoa yule Lou, alitia chumvi, hakuna aliyezimia. Mji mzima unamjua kwa maneno mengi, wataamini."

"Na kama anaumwa kweli?" Vernetta aliuliza.

"Mama, nusu ya ligi wanaumwa kitu," Brisco alisema.

Alipokata, Jarvis aliinuka. Hakupaza sauti, na heri angepaza.

"Wewe ndiye umevunja, Baba. Jumatatu utajenga. Sikuombi kitu kingine maishani."

*

Jumamosi simu kutoka kwa Wahunzi hazikuja tena. Jumapili kanisani mchungaji, kwa nia njema kabisa, aliomba waumini wanyooshe mikono upande wa kijana wetu mgonjwa. Mikono mia moja ikamwelekea Jarvis. Alisimama akatoka katikati ya sala, na viatu vyake vikasikika mpaka mlangoni. Kwenye kituo cha mafuta msichana wa dirishani aliitambua sauti ya Tillery, akamwambia, "Pole sana, Mzee." Angemtania angefurahi. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumpa Tillery wa Bailey pole.

Jumatatu saa kumi kasorobo alikuwa jikoni. Nywele alikuwa amezinyoa zote mwenyewe, vibaya, na kuna mahali alijikata. Jarvis alikaa mezani, akaweka mikono miwili juu ya meza. Vernetta alikuwa ameegemea sinki. Wikiendi nzima alikuwa amesema yote aliyokuwa nayo, kwa mumewe na kwa mwanawe, na sasa aliishiwa.

"Nilitia chumvi," Jarvis alisema. "Ni maneno mawili tu, Baba. Useme, ukate."

Tillery aliitikia kwa kichwa. Na nakwambia ukweli, alipoinua simu alikusudia kuyasema. Alikuwa ameyafanyia mazoezi kazini, juu ya mashine, siku nzima.

"Tuna Tillery wa Bailey," Eddie alisema, na hakuwa na ule uchangamfu wake. "Mzee, tumefurahi kukusikia. Watu wana wasiwasi. Kuna lolote unataka kutuambia kuhusu Ijumaa?"

"Ijumaa niliongea kwa hasira, Eddie."

Jarvis alifumba macho, akashusha pumzi.

"Niliongea kwa hasira," Tillery alirudia. Waya wa simu ulikuwa umejizungusha kwenye vidole vyake. Alimtazama mwanawe. Ile mikono mirefu juu ya meza ilikuwa mikono ya Alonzo, mpaka kucha. Alikuwa akiiona hivyo tangu mtoto akiwa na miaka kumi, na kila alipoiona aligeukia jambo lingine. "Lakini sikutia chumvi. Alizimia. Na nilikuwa na mdogo wangu, anaitwa Alonzo, wa zamani wanamkumbuka. Nimewaambia watu miaka ishirini na minne kwamba aliuawa na theluji. Ilikuwa inchi tatu, Eddie. Moyo ulisimama. Fomu ya Wahunzi niliijaza mimi, nikaandika uongo mara mbili, si kijana. Daktari wao kama ananisikia, ajue."

"Mzee Tillery..."

"Bado. Uliniuliza thelathini na tatu nani, nikasema sina neno. Ninalo." Akaukaza waya mkononi. "Msimchague mwanangu. Timu yoyote inayosikia, Cyprus na wapi sijui, msimchague. Mnajua nasemaga nini. Msituletee..."

Hakulimaliza. Eddie hakulimalizia. Na fundi mitambo, kule studio, alikuwa ameweka mikono yake miwili chini ya mapaja akaikalia, na kitanda hakikulia.

Tillery akaitundika simu. Jarvis aliinuka polepole, akasogeza kiti mahali pake.

"Umeniua," alisema.

Akachukua mpira nyuma ya mlango, akatoka nje.

*

Kando ya nyumba, juu ya mlango wa gereji, kuna kikapu ambacho Tillery alikitundika Jarvis alipotimiza miaka sita. Wakasikia mdundo. Dum, dum, kisha kimya kidogo cha mpira ulio hewani, kisha ubao, kisha dum, dum tena. Vernetta alikaa kwenye kiti alichotoka mwanawe.

"Atanichukia mpaka kufa," Tillery alisema.

"Na achukie," Vernetta alisema. "Achukie miaka sitini."

Wakakaa wanasikiliza. Mdundo ulikuwa wa hasira mwanzoni, mkali, kisha ukatulia, ukawa ule ambao nyumba hii imeuzoea kiasi cha kutousikia. Dum, dum. Ubao. Dum, dum. Dum.

Ukakoma.

Tillery alisubiri mdundo unaofuata. Haukuja. Alimtazama mkewe, na Vernetta alikuwa ameshapeleka mkono mdomoni.

Mzee yule mwenye goti bovu alikimbia. Aliparamia mlango, akaruka ngazi tatu za nyuma, ndala moja ikabaki njiani. Alipopinda kona ya nyumba akamwona Jarvis yuko chini, goti moja kwenye saruji, kichwa kimeinama, mpira umeviringika mpaka kwenye nyasi.

"Jarvis! Jarvis!"

Kijana akainua kichwa kwa mshangao.

"Nafunga kamba ya kiatu, Baba."

Tillery akakaa pale pale kwenye saruji, mguu mmoja peku, anahema kwa sauti. Jarvis alimtazama. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona baba yake akikimbia, wala hakuwahi kuuona uso ule. Hasira haikumtoka, lakini chini ya hasira kitu kingine kilianza. Aliogopa. Tangu Februari alikuwa hajajiruhusu kuogopa hata siku moja.

Akaja akakaa kando ya mzee wake.

"Baba mdogo Alonzo," alisema. "Siku ile. Alisema chochote?"

Tillery alijifuta uso kwa mkono wa shati. Upepo ulikuwa unatoka mtoni, na ile harufu ya unga uliookwa ilikuwa kila mahali.

"Aliniambia amechoka tu," alisema. "Akaomba maji. Nikaingia ndani kumchotea. Niliporudi..."

Akaonyesha kwa kiganja mahali pale mbele ya nyumba. Jarvis akapatazama, kipande cha saruji tu, alichokipita kila siku ya maisha yake.

"Haya," alisema. "Mwambie Mama apige simu hospitali. Kesho nitakwenda wakanipime."

Tillery alinyoosha mkono, akauweka kifuani kwa mwanawe, juu ya fulana iliyolowa jasho. Jarvis hakuutoa. Mzee aliinamisha kichwa kama anayesikiliza redio ya mbali. Moyo ulidunda, ukadunda, ukanyamaza. Alisubiri. Ukadunda tena, kwa haraka, mara nyingi pamoja, kisha ukanyamaza tena.

"Vernetta!" aliita, na sauti ile iliyojulikana mji mzima ilitoka nyembamba. "Lete funguo za gari. Si kesho. Sasa hivi."